Silikoni inayonasa: jinsi maabara inavyokusanya molekuli chache kabla ya mashine kupima

Galoni lililowahi kubeba mafuta ya taa halirudi kubeba maji ya kunywa. Lisugue kwa sabuni na mchanga, lianike juani wiki nzima. Ukilijaza maji asubuhi, jioni yananuka mafuta. Sabuni husafisha uso tu, na mafuta hayako usoni. Molekuli zake zimezama ndani ya plastiki yenyewe, zimejipenyeza katikati ya minyororo yake mirefu, na sasa zinatoka kidogo kidogo, kwa wakati wake.

Wanakemia wa uchanganuzi waliigeuza kero hiyo kuwa kifaa. Kama plastiki hunyonya molekuli bila kuombwa, basi ichague vizuri, itumbukize kwenye maji unayotaka kuyapima, iache inyonye, kisha ipashe moto ndani ya mashine ili iteme ilichonasa. Hicho ndicho kiini cha uziduaji kwa ufyonzaji. Jina lake ni zito kuliko jambo lenyewe. Ugumu uko kwingine: kujua ni lini plastiki itanasa vya kutosha na ni lini itaambulia patupu. Jibu limo katika hesabu moja fupi, na kwa maoni yangu hesabu hiyo inastahili heshima kubwa kuliko mashine za bei mbaya zinazopigwa picha kila maabara mpya inapozinduliwa.

Tuchukue mfano wa maji ya bomba yanayonuka udongo uliolowa. Mara nyingi chanzo ni geosmini, molekuli inayotengenezwa na sianobakteria wanaostawi kwenye mabwawa na maziwa, na pia na bakteria wa udongoni. Nancy Gerber na Hubert Lechevalier waliitenga na kuipa jina huko Marekani mwaka 1965. Ndiyo hiyo hiyo inayowapa samaki wa bwawani ladha ya tope. Kwa viwango vinavyokutwa majini haijulikani kuwa na madhara kwa afya, lakini mteja wa mamlaka ya maji hasikilizi hilo. Akinusa tope kwenye glasi, anapiga simu. Na pua yake ni kali: watu wengi huihisi geosmini ikiwa karibu nanogramu 10 tu (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) katika lita moja. Bwawa la kuogelea la Olimpiki lenye lita milioni 2.5 lingehitaji miligramu 25 za geosmini ili maji yote yaanze kunuka.

Mashine ya kawaida ya kazi hii ni kromatografu ya gesi, inayotenganisha molekuli zikipita kama mvuke kwenye safu nyembamba, iliyounganishwa na spektromita ya masi, inayozitambua kwa uzito. Huingizwa sampuli ya mikrolita moja hivi. Ukichukua mikrolita moja ya maji yenye nanogramu 10 kwa lita, ndani yake mna geosmini ya femtogramu 10, yaani sehemu moja ya mia ya pikogramu (pikogramu ni sehemu moja ya elfu ya nanogramu). Spektromita ya kawaida huanza kuona vizuri ikipata pikogramu chache. Juu ya hayo, maji yenyewe ni adui wa mashine hii: huharibu safu ya kutenganishia na kuvuruga mvuke. Lakini mililita 10 za maji yale yale zina pikogramu 100 za geosmini, nazo zinatosha kabisa. Kinachotakiwa ni kuzikusanya kutoka mililita 10, kuziweka mahali padogo, na kuyaacha maji nyuma.

Zamani zilikusanywa kwa nguvu ya kiyeyushi. Unachukua lita moja ya maji, unaiweka kwenye faneli kubwa ya kutenganishia, unamimina dikloromethani, unatikisa, unafungua bomba dogo kupunguza presha, unatikisa tena, unasubiri tabaka mbili zijitenge. Njia namba 608 ya shirika la mazingira la Marekani, EPA, iliyotungwa kwa ajili ya viuatilifu vya klorini kwenye maji taka, ilidai mililita 60 za kiyeyushi hicho mara tatu kwa kila lita. Yaani mililita 180 za kemikali inayovukiza haraka na kudhuru ini na ubongo wa anayeivuta, zinazochemshwa hadi zibaki mililita chache. Sampuli 20 kwa siku, na maabara imevukiza zaidi ya lita tatu na nusu. Mwaka 2024 EPA yenyewe ilipiga marufuku matumizi mengi ya dikloromethani, ingawa maabara ziliruhusiwa kuendelea nayo chini ya masharti ya kuwalinda wafanyakazi. Njia hiyo ilifanya kazi, na bado inafanya. Bei yake ililipwa na mapafu ya mafundi.

Hatua ya kwanza ya kuiacha ilikuwa kifyonzaji kigumu kilichopakiwa kwenye mrija mdogo wa plastiki. Kampuni ya Waters ilianza kuuza mirija yake ya Sep-Pak mwaka 1978. Ndani mna chembe za silika zilizooteshwa minyororo ya kaboni 18. Maji yanapitishwa juu yake, molekuli zinazopenda mafuta zinabaki, kisha mililita chache za methanoli au kiyeyushi kingine zinazisomba. Kabla ya hapo lazima uloweshe chembe kwa methanoli, halafu kwa maji, na ukiziacha zikauke kabla sampuli haijapita, minyororo inajikunja na maji yanapita bila kuacha kitu. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa mafunzo kwa vitendo hupotezea mchana wao. Lakini kiyeyushi kimeshuka kutoka mililita 180 hadi 10 au chini ya hapo, na mirija hii bado ndiyo punda wa maabara nyingi duniani.

Kabla hatujaendelea, kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku, hata kwenye vitabu. Molekuli inaweza kuingia ndani ya kifyonzaji, kama mafuta ya taa yalivyoingia kwenye galoni. Au inaweza kushikwa juu ya uso wake, kwenye vinyweleo, kama inavyokuwa kwa mkaa. Tofauti hii ina matokeo makubwa. Kifyonzaji kinachopokea ndani, kama silikoni, hufanya kazi kama kimiminika kizito: kila molekuli inaingia kwa kadiri inavyokipenda, na uwepo wa nyingine hauizuii. Kile kinachoshika usoni ni sawa na daladala yenye viti vya kuhesabika. Viti vikijaa, anayekuja baadaye anabaki kituoni, na mwenye nguvu anaweza kumnyanyua aliyekwisha kaa. Ndiyo maana mkaa hushika kwa nguvu sana sampuli ikiwa safi, na hutoa majibu ya kupotosha sampuli ikiwa na mchanganyiko wa vitu vingi. Silikoni hushika kwa upole zaidi, lakini husema kweli.

Silikoni inayotumika huitwa polidimethilisiloksani, na maabara zote huifupisha PDMS. Mwaka 1990 Catherine Arthur na Janusz Pawliszyn wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha njia ya kuvika unyuzi mwembamba wa silika na kuutumbukiza kwenye maji. Njia hiyo inajulikana kwa herufi SPME. Unyuzi una urefu wa sentimita moja hivi, umefichwa ndani ya sindano. Unatoboa kifuniko cha kichupa, unausukuma nje, unausubiri unase, unaurudisha ndani, kisha unatoboa mlango wa mashine wenye joto la nyuzi 250 na kuusukuma tena. Molekuli zinafumka kwa joto na kuingia zote kwenye safu. Hakuna tone la kiyeyushi. Na uzuri mwingine: si lazima unyuzi uguse maji. Unaweza kuuning'iniza kwenye hewa iliyo juu yake, ukakwepa tope, protini na chumvi ambazo zingeuharibu.

Sasa hesabu niliyoisifu. Mambo mawili tu yanaamua kiasi kitakachonaswa. La kwanza ni mapenzi ya molekuli: kwenye usawa, mkusanyiko wake ndani ya silikoni ni mara ngapi ya ule wa majini? Namba hiyo iite K. Kwa bahati nzuri, kwa PDMS inakaribiana na namba ambayo wanakemia wamekuwa wakiipima kwa miongo mingi, ile ya mgawanyo kati ya oktanoli (kimiminika chenye tabia ya mafuta) na maji, kwa hiyo unaweza kuisoma kwenye jedwali kabla hujagusa sampuli. La pili ni uwiano wa ujazo: maji ni mara ngapi ya silikoni? Sehemu inayonaswa ni K igawanywe kwa jumla ya K na uwiano huo. Basi.

Geosmini ina K inayokadiriwa kuwa kama 3,700. Ni namba kubwa. Inaonyesha kwamba molekuli hii inaichukia sana sehemu ya maji. Lakini unyuzi wa SPME wenye utando wa mikromita 100 umebeba silikoni ya karibu nusu mikrolita tu. Kwenye mililita 10 za maji, uwiano ni 20,000. Piga hesabu: 3,700 gawa kwa 23,700, unapata asilimia 16 hivi. Zaidi ya sehemu nne kati ya tano za geosmini zinabaki majini, si kwa sababu haiipendi silikoni, bali kwa sababu silikoni ni ndogo mno na maji ni mengi mno.

Erik Baltussen, Pat Sandra, Frank David na Carel Cramers waliiangalia hesabu hiyo na kutoa jibu ambalo likishasemwa linaonekana la wazi: ongeza silikoni. Mwaka 1999 walieleza kijiti cha sumaku kilichofunikwa kwa kioo na kuvikwa PDMS nene, kinachokoroga sampuli huku kikinasa. Kampuni ya Gerstel inakiuza kwa jina la Twister. Kijiti kidogo cha sentimita moja kina silikoni ya mikrolita 24, kikubwa kina zaidi ya 100. Kwa kile kidogo na mililita 10 zile zile, uwiano unashuka kutoka 20,000 hadi 417, na geosmini inayonaswa inapanda hadi asilimia 90. Molekuli ni ile ile, plastiki ni ile ile; kilichobadilika ni ujazo.

Kuna gharama. Silikoni nene inachukua muda kujaa: unyuzi hutosheka kwa dakika kadhaa hadi saa moja, kijiti huhitaji saa nzima au zaidi, na baadhi ya maabara hukiacha kikoroge usiku kucha. Kukitemesha kwa joto kunadai kifaa cha ziada kwenye mashine, na kifaa hicho si cha bei ndogo. Unyuzi kwa upande wake ni dhaifu. Fundi asiye mwangalifu anauvunja kwenye kifuniko siku ya kwanza.

Ipo pia mivutano midogo isiyo na suluhisho moja. Ukipasha sampuli joto hadi nyuzi 60 hivi, geosmini nyingi inaruka hewani juu ya maji, na hilo ni zuri. Lakini silikoni iliyopata joto nayo inashika kwa ulegevu. Kwa hiyo kuna joto la katikati, na linatafutwa kwa kujaribu. Chumvi ya kawaida ikimwagwa kwa wingi majini inazisukuma molekuli nyingi zitoke, ila zile zinazochukia maji kupindukia hazinufaiki, wakati mwingine zinapungua. Kwa geosmini chumvi husaidia, na maabara nyingi huongeza jambo jingine: hutumia unyuzi ambao PDMS yake imechanganywa na chembe zenye vinyweleo, za divinilibenzeni na kaboni, ili zishike zaidi ya silikoni tupu. Hapo tumerudi kwenye daladala na viti vyake, na mchanganuzi anapaswa kulikumbuka hilo anapopima maji machafu.

Wengi wakisikia asilimia 16 wanadhani njia imeshindwa. Si hivyo. Kinachohitajika si kunasa chote bali kunasa sehemu ile ile kila mara, au kujua sehemu hiyo imebadilika kiasi gani. Ujanja wake ni kuongeza kwenye kila sampuli, kabla ya lolote, kiasi kinachojulikana cha geosmini ambayo baadhi ya hidrojeni zake zimebadilishwa kuwa deuteri, yaani hidrojeni nzito. Kwa kemia ni pacha wake: inakwenda inakokwenda, inapotea inakopotea. Spektromita ya masi peke yake ndiyo inayowatofautisha, kwa uzito. Kama pacha amenaswa nusu ya kawaida, na mwenzake vivyo hivyo, uwiano wao unabaki sahihi. Maabara inayokuonyesha matokeo ya nanogramu bila kukuambia ilitumia kipimo gani cha ndani, yaani pacha wa namna hiyo, iulize maswali.

Silikoni ina mpaka wake, na mpaka huo uliwahi kuwa na maana ya fedha Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya kwa sababu ya masalia ya viuatilifu, dimethoate ikiwa miongoni mwao. Wakulima wadogo walioshindwa kuthibitisha usafi wa mazao yao walijikuta nje ya soko. Ilipaswa kupimwa chini sana: kikomo cha Ulaya pale ambapo hakuna kikomo maalumu ni miligramu 0.01 kwa kilo.

Chukua dimethoate uitie kwenye hesabu yetu. K yake ni kama 5. Inapenda maji, ndiyo maana inapenya ndani ya mmea. Kwa kijiti kile kilichonasa asilimia 90 ya geosmini, dimethoate inayonaswa ni asilimia 1 na kitu. Kwa unyuzi, ni kama hakuna. Weka DDT mahali pake, yenye K ya karibu milioni 8, na hata ule unyuzi mdogo, kwa hesabu, unainasa karibu yote. Nasema kwa hesabu, kwa sababu DDT inachukia maji kiasi cha kujibandika kwenye kioo cha kichupa na kwenye Tefloni ya kikorogeo cha kawaida, kabla silikoni haijaifikia. Viuatilifu viwili, shamba moja pengine, na hakuna kipande kimoja cha plastiki kinachovifaa vyote.

Kwa mboga, suluhisho lilikuja kwa kugeuza fikra. Mwaka 2003 Michelangelo Anastassiades, Steven Lehotay na wenzao walichapisha njia inayoitwa QuEChERS. Gramu 10 za mboga iliyosagwa zinatikiswa na mililita 10 za kiyeyushi kiitwacho asetonitraili, inaongezwa chumvi pamoja na salfeti ya magnesiamu inayokunywa maji, na karibu viuatilifu vyote, vya mafuta na vya maji, vinahamia kwenye asetonitraili. Pamoja navyo vinahamia sukari, asidi na klorofili. Hapo ndipo kifyonzaji kinaingia, lakini kwa kazi ya kinyume: unga wake unamwagwa kwenye kimiminika ili unase uchafu, na viuatilifu viachwe huru. Unga wenye amini hushika asidi na sukari, ule wa kaboni 18 hushika mafuta, mkaa hushika ukijani. Ila mkaa hauchagui kwa jina. Hushika molekuli bapa. Thiabendazole, dawa ya ukungu inayotumika kwenye matunda, ni bapa, kwa hiyo fundi anayemwaga mkaa mwingi ili kimiminika kipendeze macho anaweza kuipoteza na kuandika kwamba tunda ni safi. QuEChERS ni ya haraka na rahisi, na naamini imefanya mengi kwa maabara zisizo na fedha kuliko unyuzi na vijiti vyote pamoja.

Kwenye ncha nyingine kabisa wako wanaotaka kunasa kitu kimoja tu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu (aflatoksini) yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na mikrogramu 5 za aina ya B1. Mrija unaotumika kuisafisha sampuli kabla ya kupima una kingamwili zilizofungwa kwenye chembe: zinaitambua sumukuvu, zinaishika, maji yanaosha mengine yote, kisha methanoli inavunja mshiko. Ni kifyonzaji chenye macho, lakini ni ghali na mara nyingi hutumika mara moja na kutupwa. Wala hakiwezi kuponya kosa la nyuma yake. Sumukuvu haisambai sawa kwenye gunia; punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Aliyechota konzi moja kutoka juu ya gunia amekwisha haribu jibu kabla mrija haujafunguliwa.

Yule anayesoma michoro ya mashine naye hujifunza kuishi na tabia za silikoni. PDMS ikipata joto humeguka kidogo, na vipande vyake vinaonekana kwenye spektromita vikiwa na namba zile zile za uzito, 207 na 281, kila siku, hata kwenye kichupa kisicho na kitu. Na kama galoni, unyuzi hautemi vyote kwa mara moja. Baada ya sampuli chafu sana, maji safi yanayofuata yanaweza kuonekana machafu. Kwa hiyo kati ya sampuli hupitishwa kichupa kitupu, na matokeo yake huandikwa daftarini.

Siku hizi silikoni imetoka maabara. Mikanda ya mkononi ya silikoni, ile inayogawiwa kwenye kampeni, husafishwa kwanza, huvaliwa siku kadhaa, kisha huziduliwa na kupimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State walieleza njia hiyo mwaka 2014, na miaka miwili baadaye yalichapishwa matokeo ya mikanda iliyovaliwa na wakulima wa Senegali, yakionyesha viuatilifu ambavyo kila mmoja alikutana navyo. Mkanda haufiki usawa kwa siku chache, na hesabu ya K na ujazo peke yake haitoshi. Inabidi kujua mwendo wa kuingia kwa kila molekuli. Na kinachosomwa ni kile kilichoufikia mkono wa mkulima, hewani au kwenye ngozi. Kilichoingia mwilini kinapimwa kwenye mkojo, na huo unaandaliwa kwa njia nyingine, kwa sababu mwili hugeuza viuatilifu vingi kuwa molekuli zinazopenda maji, zile ambazo silikoni haizitaki.